Orodha ya watu wa Tanga msiichuje kwa kabila

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu ameandika katika ukurasa huu kwamba orodha ya watu mashuhuri wa Tanga mnayoikusanya kutoka kwa wasomaji imejaa watu wa kuja, na kwamba heri ichujwe, wabaki Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wasambaa na Wazigua. Barua yake ilikuwa ya adabu, nami nitajibu kwa adabu. Ila nitajibu kwa majina. Yeye hakutaja hata jina moja la mtu wa kuondolewa, na naelewa kwa nini. Kazi ya kuchuja ni nyepesi mradi usiulizwe aanze kutoka nani.

Haya, tuanze na Shaaban Robert, maana ndiye anayekaa juu ya kila orodha. Alizaliwa Vibambani, kule Machui kusini ya mji, tarehe 1 Januari 1909, na Machui ndiko alikozikwa mwaka 1962. Asili ya wazazi wake ni Uyaoni. Si Digo, si Bonde, ni Uyaoni, kule kusini kabisa. Shule alisomea Msimbazi, Dar es Salaam. Mwaka 1926 akaingia kazi ya forodha, akapelekwa huku na huku mwambaoni, baadaye akawekwa idara ya wanyamapori, mwaka 1946 akarudi Tanga ofisi ya wilaya na mwishowe ofisi ya upimaji ardhi. Usiku akirudi nyumbani anaandika. Vitabu vyake tumevisomea darasani kutoka Mtwara mpaka Kisumu, na hakuna mwalimu aliyewahi kutuambia tuanze kwa kujua ukoo wa baba yake. Kwa kipimo cha msomaji mwenzangu huyu anatoka. Akishatoka huyu, sijui orodha itakuwa ya nini.

Labda atasema Shaaban Robert apite kwa sababu alizaliwa hapa. Vizuri. Basi tumchukue Martin Kayamba. Kabila lake halina mgogoro: Mbondei. Lakini alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891, akasoma Kiungani hukohuko Unguja, akafanya kazi Kenya na Uganda, na vita vya kwanza vilipopiganwa Wajerumani wakamfunga Tabora. Alipotoka ndipo akaja kuwa karani wa serikali hapa Tanga, akapanda mpaka akawa mkubwa wa makarani wote wa ofisi ya wilaya. Mwaka 1922, hapahapa mjini, akaanzisha chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika, ambacho watu wa historia wanakihesabu miongoni mwa vyama vya mwanzo kabisa vya aina hiyo Tanganyika. Ndani yake walikaa Wakristo wa misheni na Waislamu wa pwani, wa bara na wa mrima. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya mpango wa kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Sasa huyu tumweke wapi? Kwa kabila anapita, kwa kuzaliwa hapiti. Na yule wa Machui kwa kuzaliwa anapita, kwa kabila hapiti. Chujio gani hili ambalo kila ukiligeuza linamwangusha mtu mwingine?

Nataka nimtazame msomaji mwenzangu pale aliponisisimua hasa, nako ni kwa Wasambaa. Amesema Wasambaa wana historia yao iliyoandikwa, haihitaji kuchanganywa na ya wageni. Ni kweli imeandikwa, na ni miongoni mwa habari tamu kupata kusomwa kwa Kiswahili. Inahusu Mbegha, mwindaji aliyetoka Unguu, akaingia milima ya Usambara akiwaulia watu nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba, akiwagawia nyama, mpaka wakamtawaza. Wazao wake, Wakilindi, wakatawala kutoka mji wao mkuu, Vuga, na mkubwa wao, Kimweri ye Nyumbai, sifa zake zilifika pwani yote hii. Kwa hiyo ufalme wenyewe ulianzishwa na mgeni aliyekuja na mbwa na mikuki. Na aliyeziandika habari hizo ni nani? Ni Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Lile jina la mwisho linasema wazi kwamba ukoo wake ulihusishwa na Uajemi. Alikaa na wakubwa wa Kikilindi huko milimani, akawajua mmoja mmoja, na enzi za Wajerumani akawa liwali wa Tanga. Misheni ya Magila ndiyo iliyochapa sehemu ya kwanza ya kazi yake. Mwandishi mwenye asili ya Ajemi, mtambo wa wamisheni wa Kiingereza, mjini Wajerumani wametawala, na habari zenyewe ni za Wasambaa. Ukimtoa huyu kwa sababu ni wa kuja, umewatoa Wakilindi wote aliowabeba kwenye kurasa zake.

Wadigo na Wasegeju nao, waulizwe wazee wao. Wote wanasimulia kwamba walishuka kutoka kaskazini, na Wadigo wanataja Shungwaya kwa jina. Mimi mama yangu ni Mdigo, na hadithi hiyo nimeisikia jikoni kabla sijaisoma popote. Nenda Tongoni ukayaone yale makaburi ya nguzo, mengi kuliko mahali pengine popote katika mwambao wa Afrika Mashariki. Waliozikwa pale walikuwa wafanyabiashara wa baharini, na mji wao ulikuwapo Wareno walipopita. Januari 1499 watu wa Vasco da Gama waliichoma moto meli yao moja, São Rafael, karibu na hapo, kwa kuwa mabaharia walikuwa wamekufa wengi na hakuna wa kuiendesha. Sasa tuulize nani alitangulia? Tutafika kwa samaki.

Nisiwe kama mtu anayetaja wakubwa tu. Baba yangu alikuwa Mnyamwezi wa upande wa Nzega, na alikuja Tanga kwa mkataba wa mkonge.

Vijana wa leo mkonge wanauona kama nyasi za kando ya barabara. Ulikuja mwaka 1893. Daktari mmoja wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, Marekani, ikapitia Hamburg, na iliyofika hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Mwaka huohuo wa 1893 walianza kujenga reli kutoka Tanga kwenda bara, ikafika Moshi mwaka 1911. Mkonge na reli ndivyo vilivyoipa Tanga sura hii, maana mkonge unataka mikono, na mikono ya Wadigo na Wabondei haikukubali. Nani mwenye minazi na shamba lake la muhogo atakwenda kukata majani yenye miiba kwa kadi ya kutimiza siku 30 za kazi? Ndipo wakatafutwa watu wa mbali. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kuajiri, tukakiita SILABU, kikasomba watu Ufipa, Uha, Unyamwezi, Ungoni, Ubena, Ukinga, na kuvuka mipaka mpaka Burundi, Rwanda na Msumbiji. Wakaitwa manamba. Baba alianza kukata, baadaye akahamishiwa korona, ile mashine ya kusaga majani zibaki singa nyeupe. Kelele za korona zilimla masikio. Mpaka anakufa ulikuwa ukizungumza naye kwa kupaza sauti, na majirani wasiotujua walidhani tunagombana.

Mkataba ulipokwisha wenzake wengine walirudi kwao. Yeye akashuka mjini akawa kuli bandarini, akapanga chumba Ngamiani, akamwoa mama. Wazazi wa mama hawakufurahi. Walisema ataolewaje na mtu ambaye hata hawajui nyumbani kwao pakoje? Mjomba mmoja ndiye aliyewatuliza, akawaambia huyu kila siku anabeba magunia ya singa mnazoringia. Katikati ya miaka ya 1960 nchi yetu ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka, na duniani hakuna aliyetushinda. Gati la Tanga ndilo lililozipitisha nyingi ya singa hizo. Ninapoambiwa watu mashuhuri wa mji huu wawe wa makabila matano, najiuliza mji wenyewe ulijengwa kwa jasho la nani. Kwenye orodha yenu sijaona manamba hata mmoja. Hilo ndilo pengo ninalolalamikia mimi, si wingi wa wageni.

Mimi sikwenda shamba wala bandarini. Niliwekwa kujifunza ushonaji, kwenye baraza la duka la vitambaa la Mhindi wa Kibohora. Mwenye duka anauza kitambaa, fundi anakaa nje na cherehani lake, mteja akitoka ndani na jora lake anageukia kwako. Sijui shule gani ingenifundisha Tanga kama baraza lile. Asubuhi Mshihiri mwenye duka la kahawa anataka shati la mikono mirefu, kola ngumu. Mngazija, mwalimu wa madrasa, analeta kanzu ishonwe upya pindo, na mkono wako asiuamini mpaka akuone umeanza. Mgoa wa ofisi ya reli anataka suruali ya mkunjo uliosimama kama kisu. Mgiriki wa shamba la Muheza anateremka na gari lenye vumbi, anataka kaptula sita za kaki, na halipi mpaka umempunguzia. Mmakonde mlinzi anataka koti kuukuu la bwana wake lipunguzwe mabega. Wanawake wa Kidigo wanaleta kanga kukatwa na kupindwa, na hao ndio waliokuwa wakinipa habari za mji mzima. Wote walizungumza Kiswahili, kila mmoja na chake. Cha Mgiriki kilikuwa cha amri tupu, hakijui "tafadhali". Cha Mshihiri kilikuwa na mafumbo kuliko changu.

Msinielewe kwamba nasema tulikuwa ndugu wa tumbo moja. Mji wa mkoloni ulikatwa vipande: Wazungu Raskazone na Bombo kwenye upepo wa bahari, Wahindi katikati kwenye maduka, sisi Ngamiani kwenye barabara za namba. Shule mbalimbali, wodi mbalimbali. Mtoto wa Ngamiani akionekana Raskazone jioni bila barua ya bwana alikuwa na la kujibu. Tajiri wangu Mbohora, kwa wema wake wote, hakuwahi kunikaribisha ndani kula. Chai nililetewa barazani, kikombe changu kikiwa na alama yake. Nayasema haya kwa sababu wako wanaopenda kuisimulia Tanga ya zamani kana kwamba ilikuwa harusi. Haikuwa. Lakini watu waliogawanywa vile walikutana kwenye kazi, kwenye mpira, kwenye muziki na kwenye kesi, wakaacha kitu ambacho hakuna kabila moja linaloweza kusema ni chake.

Mwaka 1971 Serikali ilipotaifisha nyumba za kupangisha za thamani ya zaidi ya Shilingi 100,000, mwenye duka letu aliondoka. Wagiriki walikuwa wameshaanza kupungua tangu mashamba ya mkonge yalipotaifishwa mwaka 1967. Sikuwalilia wenye mashamba, kusema kweli. Nilimlilia mwenye duka, kwa sababu aliniachia cherehani.

Kuhusu vita vya Novemba 1914 sitakaa sana, maana vimeandikwa mno, na kila mtalii anajua kisa cha nyuki waliowavamia askari. Nitasema moja tu. Waingereza walileta jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka India, wakashindwa na kikosi cha von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, kilichokuwa na watu kama elfu moja, ambacho askari wake wengi walikuwa Waafrika wa bara, wakiwamo Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema. Kwa hiyo hata waliokufa kwenye michungwa na minazi yetu hawakuwa wa makabila matano. Tarehe 7 Julai 1916 Waingereza waliuchukua mji, na ndipo akina Kayamba wakapata ofisi.

Jambo jingine ambalo ninyi watu wa magazeti mngepaswa kulisema mbele, na nashangaa hamlisemi. Shule ya serikali ya Tanga ilianzishwa na Wajerumani mwanzoni mwa miaka ya 1890, ya kwanza ya aina yake katika koloni lao, haikuwa ya dini, na misheni hawakuipenda. Mtambo wake wa uchapaji ulitoa gazeti la Kiswahili, *Kiongozi*, tangu mwaka 1904 mpaka vita vilipolifunga mwaka 1916. Lilikuwa gazeti la mkoloni, hilo halina ubishi. Lakini barua na habari zilizojaza kurasa zake zilitoka kwa walimu na makarani wa Kiafrika waliotawanyika koloni zima, na wote walilazimika kuelewana kwa lugha moja iliyochapwa hapa Tanga. Nikikaa na kalamu kukuandikia, Mhariri, nafanya kazi ambayo katika mji huu imefanywa kwa zaidi ya miaka 100.

Katika wanazuoni, msimsahau Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyetunga utenzi wa vita vya mrima dhidi ya Wajerumani, vile alivyopigana Abushiri mpaka akanyongwa Pangani Desemba 1889. Mwanawe, Sheikh Ali bin Hemedi, alikuwa Kadhi wa Tanga na aliandika vitabu vya sheria za dini kwa Kiswahili chepesi cha kumfaa mtu wa kawaida. Ukoo wa Kiarabu huo. Nao watoke?

Sasa muziki, na hapa nitachukua nafasi kidogo, kwa sababu hapa mimi ni shahidi.

Katika miaka ya 1950 vijana wa Kinyamwezi waliokuwa Tanga walikuwa na bendi yao, wakaiita Young Nyamwezi. Baba alijivunia jina lile kuliko alivyojivunia mimi. Baada ya uhuru, bendi zenye majina ya makabila hazikuwa na nafasi tena. Young Nyamwezi ikawa Jamhuri Jazz Band. Jina likabadilika, na wapigaji walikuwa wa kila namna. Upande wa pili tulikuwa na Atomic Jazz. Mtu wa Tanga alikuwa na bendi kama alivyo na timu. Nimeshona mashati ya wanamuziki wa mji huu, na nakwambia hakuna mteja msumbufu kama mpiga gitaa: anataka shati libane kifuani, lakini mkono wa kulia uwe huru kabisa. Unampima akiwa amekunja mkono kama ameshika gitaa, la sivyo utashona mara mbili.

Jamhuri Jazz ndiko walikoingia Wilson na George Kinyonga, vijana wa Tanga, mwaka 1966. Baadaye wakahamia Arusha, wakavuka mpaka, na mwaka 1971 Nairobi ikasikia Simba Wanyika. Kutoka Simba Wanyika zikachipuka bendi nyingine zenye jina hilohilo la Wanyika. Kwa miaka Wakenya wamecheza muziki ambao mizizi yake iko kwenye kumbi za Tanga. Nairobi nzima haikuwauliza Wakinyonga kabila, iliwauliza lini wanapiga tena. Sisi kwao ndio tuanze kuwauliza?

Taarabu ni hivyohivyo. Unguja walikuwa na fidla na ganuni zao, na mimi siwapunguzii. Tanga tukatia gitaa la umeme na besi, mdundo wa kuinua watu vitini. Black Star ikaanza, ikapasuka ikazaa Lucky Star, na ugomvi wa vikundi hivyo viwili ulivunja urafiki mwingi wa wanawake niliokuwa nikiwashonea. Huko ndiko ilikotoka sauti ya Shakila Saidi, mtoto wa Pangani, aliyefariki mwaka 2016. Msomaji mwenzangu atasema Pangani si Tanga mjini. Sawa, na Vibambani si mjini pia. Mji unavuta watu wa mashamba yake, ndiyo kazi ya mji. Msikilizeni Shakila anavyolishika neno la mwisho la ubeti kama hataki kulitoa, kisha mniambie kama mnataka kumtoa kwenye orodha kwa ajili ya kilomita.

Mpira sisemi sana, tusije tukagombana. Coastal Union walikuwa mabingwa wa Tanzania mwaka 1988, na African Sports wasiopenda kukumbushwa nawakumbusha. Nyumba yetu ilikuwa na pande mbili, baba African Sports, mimi Wagosi wa Kaya, yaani Coastal Union, na siku ya mechi uwanja wa Mkwakwani mama alipika mapema ili tusikae mezani pamoja. Wagosi wa Kaya wengine, wale vijana wawili wa muziki wa kizazi kipya, Mkoloni na Dr. John, wamo kwenye orodha yenu, na nimefurahi. Amri Athumani, Mzee Majuto wetu, naye yumo. Alizaliwa hapa mwaka 1948, alichekesha nchi nzima, na Agosti 2018 alirudishwa kuzikwa kwao Tanga. Nilikuwa miongoni mwa waliosimama juani kumpokea. Sikumsikia mtu hata mmoja akitaja kabila lake, na hata leo mimi silijui.

Na Hamza Mwapachu, msomaji mwenzangu atafurahi, anapita vipimo vyote. Mtu wa Tanga, alisoma Makerere pamoja na Julius Nyerere, akawa miongoni mwa vijana waliokipa nguvu chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, kabla ya TANU. Mwanawe, Juma Mwapachu, alikuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kutoka 2006 hadi 2011. Lakini Mzee Hamza alipokuwa ofisa wa ustawi wa jamii alipelekwa Nansio, Ukerewe, kisiwani, mbali na kwao, na huko alifanya kazi na watu. Wakerewe nao wakitunga orodha ya waliowafaa, tungependa wamfute kwa kuwa ni mtu wa Tanga?

Nasikia sababu ya kelele hizi si Shaaban Robert wala Kayamba. Bandari imechimbwa kina, meli zinafunga gatini badala ya kukaa nje zikisubiri matishari. Chongoleani linakuja bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Wageni wamejaa, kodi za vyumba zimepanda, na kijana wa Ngamiani anaona kazi zinakwenda kwa watu waliofika juzi na begi moja. Hayo ni malalamiko ya haki, na mimi niko upande wa kijana huyo. Wajukuu zangu nao wanazunguka na bahasha. Basi tuandike kuhusu ajira, tuwaulize wakandarasi wamechukua wangapi kutoka kata za hapa, na kwa mikataba ya namna gani. Tukiishia kuwafukuza marehemu kwenye orodha ya gazeti, mjukuu wangu hapati kazi kwa hilo.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Orodha msiipange kwa kabila. Ipangeni kwa mtaa na kazi: fulani, karani, ofisi ya wilaya, fulani, mpiga gitaa, Ngamiani, fulani, mkata mkonge, shamba gani, miaka gani. Ongezeni mafundi, wakunga, makuli, walimu wa madrasa na wa shule. Waombeni watoto na wajukuu wa manamba walioko Muheza, Korogwe, Pongwe na Maramba walete majina ya wazee wao kabla wanaoyajua hawajaisha. Na pale ambapo mtu alitoka Uyaoni au Unyanyembe au Hadramaut, andikeni hivyo, msifiche, maana hata kuficha ni aina ya kuchuja.

Mimi nina picha mbili za kuanzia. Moja ni ya wafanyakazi wa korona, baba ni wa tatu kutoka kushoto, ana kofia. Ya pili ni ya baraza letu, mafundi wanne na mwenye duka amesimama mlangoni. Nitazileta mwenyewe ofisini kwenu, lakini nataka zipigwe nakala nikiwa nimekaa hapohapo na nirudi nazo. Nilikuwa na ya tatu, ya bendi wakiwa ndani ya mashati niliyoshona. Aliiazima mwandishi mmoja wa habari na mpaka leo naisubiri.

Fundi cherehani mstaafu,
Ngamiani, Tanga